Mkanda Uliofungwa kwa Kanzu

Kaka yangu Vuai alizikwa Doha, na wengi wa waliombeba hawakuwahi kufika kwetu Makunduchi. Mimi nilikaa ndani ya gari nje ya ukuta wa makaburi, nikisoma Yasini kwa kichwa, nikikosea, nikianza upya.

Kifo kilimkuta kwenye gari la tajiri wake, akiwasubiri mabinti wa nyumba watoke shule. Wasichana walifungua mlango wa nyuma, wakaingia, wakaweka mikoba yao, wakatulia wakingoja kuondoka. Injini ilikuwa inanguruma, kiyoyozi kinapuliza, redio inasoma Kurani, na kaka yangu ameshika usukani. Walikaa pale nyuma yake wakimngoja. Walinieleza hivyo wenyewe siku ya tanzia, na tangu hapo siwezi kupanda gari bila kumtazama kwanza dereva usoni.

Hiyo ilikuwa mwaka 2013. Kaka alikuwa dereva wa familia ile miaka kumi. Mimi nilimfuata baadaye, nikapata kazi ya udobi katika hoteli moja mjini. Siku za Ijumaa alikuwa akinijia na chai ya maziwa ya karaki kwenye vikombe vya karatasi, tunakaa ufukweni Al Wakrah, ananisimulia katuni. Mtu mzima na ndevu zake! Watu wengine wa kwetu walikusanya mabati ya nyumba, wengine televisheni kubwa. Yeye alikusanya katuni za zamani na filamu za familia kwenye kanda za video, wakati ambapo Doha nzima ilikuwa inazitupa.

Zilianza hivi. Familia ile ilikuwa ikiishi Al Wakrah, kisha ikajenga nyumba mpya Al Wukair. Siku ya kuhama, Vuai aliambiwa apeleke jaani maboksi ya kanda, maana nyumba mpya ilikuwa na dishi na mashine za kuchezea sahani za DVD. Akaomba ruhusa azichukue yeye. Bwana wa nyumba akacheka, akamwongezea na deki ya kuzichezea. Baada ya hapo madereva wa mtaani wakamjua. Kila nyumba iliyotupa kanda, walimletea. Alizitazama moja baada ya moja, filamu mpaka mwisho, katuni kwa kuzirusharusha. Palipokuwa na watu wanabusiana au wanamwaga damu, aliutupa mkanda wote. Zilizobaki alizifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akazirudisha nyuma mpaka mwanzo, akazisimamisha kama vitabu. Alikuwa akiniambia kwamba mkanda ukilazwa, utepe wake unashuka upande mmoja kama mtu aliyelalia ubavu.

Alifanya yote hayo kwa ajili ya Latifa. Alimwacha mwanawe tumboni mwa wifi yangu Faridah alipokuja Doha, na hakutaka mtoto akue bila chochote kilichopita mikononi mwa baba. Lakini katuni zile zilisema Kiarabu na Kiingereza, na Latifa hajui hiki wala kile. Basi Vuai akagundua kwamba deki yake ilikuwa na tundu la kipaza sauti na kitufe kinachofuta maneno na kuacha picha. Akanunua kipaza sauti. Mchana, nyumba yote ikilala kwa joto, alifunga dirisha, akazima kiyoyozi ili mvumo wake usiingie, akavua shati, akawa anazisemea katuni kwa Kiswahili huku jasho linamtiririka. Alikuwa punda, alikuwa jogoo, alikuwa bibi kizee mwenye ufagio. Punda alimpa sauti ya ami yetu mmoja ambaye hakupenda kazi, na nyumbani walipoisikia walivunjika mbavu, ami mwenyewe akiwemo.

Likizo yake ya kwanza, Latifa alijificha nyuma ya mlango, hataki kumwona.

"Toka umsalimie baba yako," wifi akamwambia.

"Si baba. Ni mtu."

Vuai akachuchumaa palepale ukumbini na nguo zake za safari, akasema kwa sauti ya punda, "Mimi leo sibebi mzigo, mgongo unauma, kamwambieni tajiri!" Mtoto akachungulia. Kisha akaja mbio akamrukia shingoni. Tulicheka sote. Vuai naye alicheka, lakini nilimwona akimtazama mtoto juu ya bega lake, na macho yake hayakuwa ya mtu anayecheka. Mwanawe alikuwa amemkumbatia punda.

Kanda za nyumbani hazikudumu. Unyevu wa pwani uliziotesha ukungu mweupe, na deki kuukuu tuliyokuwa nayo nyumbani ikazila zilizobaki, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo alipokufa, Latifa hakuwa na sauti ya baba yake hata moja. Simu walizozungumza zilipita zikaisha. Siku ya saba aliniomba mwenyewe kwa simu, msichana mkubwa sasa, anazungumza taratibu kama anachagua maneno.

"Shangazi, nitafutie Baba kwenye zile kanda. Lakini si punda. Punda namkumbuka. Nataka anavyosema mwenyewe. Nikifumba macho simsikii tena, nasikia punda tu."

Nikamwambia inshallah. Neno hilo nilikuwa nalo shingoni kama kitu cha kubeba.

Kassim ndiye aliyeniita kuchukua vitu. Kassim ni mtu wa Tanga, dereva wa nyumba ya jirani na rafiki wa kaka kuliko ndugu wengi. "Dada Mwanamkuu, chumba kinatakiwa, dereva mpya anakuja. Nguo za marehemu si nyingi. Lakini zile kanda zake, dada, utataka lori."

Tulifungua chumba, tukaacha mlango wazi kama inavyopasa. Harufu yake ilikuwamo bado, udi wa bei rahisi na plastiki iliyopata joto. Kanda zilipanda kuta mbili mpaka karibu na dari. Tulizijaribu chache, kisha nyingine na nyingine, na zote zilisema lugha zao za asili. Zile alizozisemea alikuwa amezipeleka nyumbani zote. Nilipoanza kukunja nguo nikaona kanzu yake nyeupe ya Idi imefungwa fundo, nayo imewekwa mbali na nguo, juu, karibu na msahafu. Ndani yake palikuwa na mkanda. Ubavuni mwake mtoto alikuwa amebandika kibandiko cha samaki mwekundu, kimekaa upande.

Kassim alipokiona kibandiko kile alikaa kitandani. "Subhanallah. Kumbe ndio huu. Alikuwa akiniambia ana amana inamchoma, hataki kusema ni ya nani."

Tukauweka kwenye deki. Alikuwapo punda, na alikuwapo kaka yangu akisema maneno ya punda, mzima, anatweta kidogo kwa joto. Nilishika ukingo wa kitanda. Kisha picha ikakatika ghafla, akatokea mtoto wa kiume juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, sebuleni kwenye nyumba ya watu, na nyuma yake mwanamke kijana, kichwa wazi, nywele mpaka kiunoni, anapiga makofi. Kassim aliruka kama aliyeunguzwa, akageukia mlangoni. "Huyo ni Mama Rashidi! Dada, huyo ni mama wa nyumba hii! Mimi sikuona, mimi sikuona kitu."

Na katika televisheni sauti ya punda ilikoma. Ikaja ya kaka yangu, yake mwenyewe.

"Ee! Astaghfirullah. Latifa, ngoja, mwanangu. Punda amekatika, wametokea watu wa humu ndani. Mama wa nyumba yuko kwake, kichwa wazi, hana habari. Mimi nimegeuka, natazama ukuta. Ningezima, lakini kizimio kiko chini ya televisheni, na nikienda huko nitamwona. Basi ngoja wapite. Wakipita turudi kwa punda."

Mtoto kwenye picha alizunguka meza na baiskeli yake, kinywa kinafunguka na kufumba bila sauti.

"Bado wapo? Sina wa kuniambia." Akacheka. "Haya, tuzungumze. Huyu ni baba yako, si punda. Hii ndiyo sauti yangu, naona hujaizoea. Ukuta huu una ufa, umeanzia kwenye soketi ukapanda, unafanana na ile njia ya kutokea kwa bibi yako kwenda kisimani. Hapa juu ndipo ulipo mfenesi. Hapa ndipo ulipoanguka na ndoo, mama yako aliniandikia. Naipita kwa kidole kila siku nikilala. Nikifika mwisho wa ufa nakuwa nimefika nyumbani, ninyi mmelala, siwaamshi."

Nilimsikia akipumua.

"Yule mtoto nilimwona kabla sijageuka. Ni Rashidi. Mama yake anaitwa kwa jina lake, naye hayupo, alikufa kabla mimi sijaja. Humu ndani hakuna anayemtaja. Tumwombee, Latifa. Itikia amina." Akasoma kwa Kiarabu ile dua ya mtoto aliyekufa tuliyofundishwa chuo cha Kurani, kifungu kwa kifungu, akiacha nafasi ndogo kila mara, na katika zile nafasi mimi niliitikia. Hakuna aliyeitikia zaidi yangu na Kassim kule mlangoni.

Ndipo Kassim aliponieleza, mgongo umenielekea. Mara tu baada ya kuhama, Mama Rashidi aliuliza kila mtu kuhusu mkanda wenye samaki mwekundu. Filamu ya mwanawe ilikuwa imerekodiwa juu ya kipande cha katuni aliyoipenda, na hakukuwa na nyingine. Vuai alisema hajauona, na siku hiyo ilikuwa kweli. Lazima alikuja kuukuta baadaye, lile swali ameshalisahau, akiwa ameshaanza kuusemea.

"Bila shaka alipomaliza aliurudisha nyuma asikilize," Kassim akasema. "Akageuka ukutani tena, kwa heshima. Akangoja kumsikia mtoto. Akajisikia mwenyewe. Nadhani hapo ndipo alipojua amefanya nini. Sasa amwambie nini yule mama? Kupeleka nyumbani hawezi, kuna mwanamke wa watu. Kurudisha hawezi. Akaufunga kwenye kanzu yake."

Nililia sana pale, na si aibu kusema. Nilikuwa nimepata kile Latifa alichoniomba, na papo hapo nikaona kimekaa mahali gani. Kila neno la kaka yangu lilikaa juu ya neno la mtoto wa mtu.

"Rekodi sauti kwa simu, kisha urudishe," Kassim akasema. "Nani atajua?"

"Yeye aliyeko kaburini atajua. Amekufa na haki ya mtu shingoni, nami nimwongeze nyingine?"

"Na akikukatalia?"

"Basi Latifa hatakuwa na baba yake, na mimi ndiye nitakayemwambia."

Mama Rashidi alinipokea sebuleni, mabinti wakiwa shule. Ni mwanamke mtulivu, na ile siku ya tanzia alikuwa amenishika mikono. Nilimpa mkanda, na deki ya kaka nikaiunga kwenye televisheni yake. Alikipapasa kile kibandiko cha samaki kwa kidole gumba, mara nyingi, kama mtu anayefuta kioo. Nikajaribu kumweleza kwanza, lakini Kiarabu changu ni cha chuo na cha hotelini, na yeye hakuwa akinisikia. "Washa," akasema.

Alipomsikia punda, aligeuka. "Huyu ni Vuai?"

"Ndiye."

"Punda?"

"Punda, mama."

Akatabasamu. Na tabasamu lile lilikuwa bado usoni pake mwanawe alipotokea. Alishuka kwenye kochi akapiga magoti juu ya zulia, karibu kabisa na kioo. Akangoja. Mtoto alifungua kinywa, na kaka yangu akasema. Mama Rashidi akaongeza sauti. Kaka yangu akasema zaidi. Akaongeza tena mpaka chumba kizima kikajaa Vuai, na mtoto akizunguka meza kimya, akimwangalia mama yake moja kwa moja kutoka ndani ya kioo.

"Sauti yake iko wapi?"

Nikamwambia. Sikumficha lolote, wala la kitufe, wala la kanzu.

Hakupiga kelele. Alisema, "Hapo anaimba. Alijitungia wimbo wa baiskeli yake. Maneno nimeyasahau. Miaka yote hii nilijua yako kwenye mkanda, basi sikujisumbua kuyashika." Kisha akanikazia macho. "Wakati mwanangu anaimba, kaka yako anasema nini?"

Nikamfasiria. Ya ukuta, ya ufa, ya kisima. Alisikiliza bila kuonyesha kitu. Lakini ilipofika dua hakunihitaji. Alilisikia jina, akasikia Kiarabu, na niliona viganja vyake vinafunguka juu ya magoti. Katika zile nafasi ndogo kaka yangu alizomwachia Latifa, mama yule aliitikia amina, moja baada ya moja, mpaka mwisho.

Picha ikarudi kwa punda. Akazima.

"Unataka nini?"

"Mambo mawili, mama. Mwana wa Vuai ameisahau sauti ya baba yake. Na kaka yangu anahitaji umsamehe."

"Picha haitoki humu."

"Sitaki picha."

Akaonyesha zulia. "Weka simu kifudifudi." Nikaiweka. Akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa simu, kuhakikisha, akaurudisha mkanda, na tukakaa hivyo tena mpaka kaka yangu alipomaliza. Nilipoinuka nikamwangalia, na alijua ninachongojea.

"Hilo la pili usinidai leo," akasema.

Nilimtumia Latifa ile sauti nikiwa kwenye basi la hoteli. Kulipita siku nzima bila jibu. Kisha akapiga simu, analia na kucheka pamoja.

"Shangazi, amesema yeye si punda!"

"Nimesikia, mama."

"Nimeitikia amina zote. Mama pia." Akavuta kamasi. "Na yule mtoto anayeimba ni Rashidi mwenyewe?"

Nikasimama. "Mtoto gani anayeimba?"

"Yule wa nyuma. Baba anapopumua, kabla ya dua. Anaimba kidogo tu."

Nilisikiliza kwenye chumba cha kufulia mashine zote zikiwa zimezimwa. Nilisikiliza simu ikiwa sikioni na kitambaa kichwani. Nilimsikia kaka yangu akipumua, na baada ya hapo dua. Wifi Faridah hakusikia kitu. Kassim alisikiliza mara moja akanirudishia simu haraka. "Mashine hizi za zamani hazifuti yote," akasema. "Huenda kuna kilichobaki chini." Kisha, "Lakini mimi sisikii, dada. Na usinisikilizishe tena."

Sisemi ni maruhani, wala sisemi si kitu. Mwenyezi Mungu anajua anayosikilizisha masikio ya yatima. Nilimwambia Latifa tu, "Huo wimbo, unaweza kuniimbia?" Akanitumia. Hapakuwa na maneno, mvumo wa midomo tu: unapanda, unazunguka mara mbili, unakatika juu kama mtu aliyeishiwa pumzi.

Nilirudi Al Wukair. Mama Rashidi hakutarajia kuniona, na usoni alikuwa amejifunga. Sikueleza. Nilimwekea simu mkononi nikabonyeza.

Wimbo ulipofika pale unapokatika, alikuwa ameshafumba macho. Midomo yake ilicheza kwanza bila sauti, kama ile ya mtoto kwenye kioo. Kisha akaumalizia. Ulikuwa wimbo wa magurudumu matatu: moja la mama, moja la baba, na moja hataki kusema la nani. Aliuimba mpaka mwisho, kwa sauti nyembamba isiyozoea, akaanza tena mwanzo, na safari hiyo hakukosa neno.

"Nani huyu anayeimba?" akauliza.

"Latifa. Binti wa Vuai."

"Ameusikia wapi?"

"Anasema ameusikia nyuma ya baba yake."

Alitazama simu muda mrefu. Akanirudishia, akanishika mkono ule ule wenye simu, akasema kwa Kiarabu cha taratibu ili nisikose hata neno moja: "Nimemsamehe. Mshuhudishe Mungu kwamba nimemsamehe."

Nikashuhudisha.

Dereva mpya amepewa chumba kile, na kuta zimepakwa rangi. Kabla ya mafundi kuja niliingia mara moja peke yangu, mlango wazi, nikautafuta ule ufa kwenye soketi. Ulikuwapo. Niliupita kwa kidole mpaka mwisho wake, polepole, nikamsalimu kaka yangu, nikatoka bila kumwamsha mtu.